Maisha ya Mama Unga, Aliyelikataa Sanduku la Mradi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, familia imeona isomwe kwa kifupi historia ya mama yetu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusema jambo lolote kwa kifupi, na kama angekuwepo angeinyakua karatasi hii na kuisoma kwa sauti yake ile ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Tunaomba wenye simu wazizime, na tunaomba walioketi kwenye viti vya mbele, vile vyenye mito, wawe na subira, kwa sababu zipo sehemu za historia hii zinazowahusu wao.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Unga, alizaliwa katika kijiji chetu cha zamani, nyumba ya tatu kutoka mtoni, akiwa mtoto wa pili wa mfuga nyuki na mfinyanzi, tarehe mosi Januari 1952, ambayo ni tarehe karani wa uandikishaji aliyowagawia nusu ya wanakijiji kwa kuwa ilikuwa nyepesi kuiandika. Bibi yetu mfinyanzi alishikilia mpaka anakufa kwamba mtoto huyo alikuja katikati ya palizi, wakati kila mtu yuko shambani, na kwamba alilia kwa nguvu hadi watu wakarudi nyumbani na majembe begani wakidhani kuna moto.

Kuhusu elimu, aliingia shule ya msingi ya kijijini Januari 1960, akasoma hadi darasa la sita, akaachishwa mwishoni mwa mwaka 1965 kwa sababu shangazi yake, aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka, alihitaji mikono, naye akatoka shuleni akiwa anajua kusoma, kuandika na kubishana, na hilo la tatu ndilo alilolitumia zaidi maishani. Shangazi alipozeeka alimwachia mashine pamoja na kelele zake zote.

Kwa wasioijua kazi ile, chumba cha mashine kilikuwa kidogo, dirisha moja, injini ya dizeli upande wa mlangoni, mkanda mrefu ukikatiza katikati, na kila kitu humo ndani, kuta, utando wa buibui, kope za mwenye mashine, kilikuwa cheupe kwa vumbi la unga, na yeye alisimama humo tangu asubuhi akimimina nafaka juu na kupapasa unga chini kwa vidole ili ajue kama umelainika. Injini ililichukua sikio lake la kulia kabla hajafika miaka thelathini, na tangu hapo hakuweza tena kunong'ona, kiasi kwamba mtu akitaka siri yake ijulikane kijiji kizima bila yeye kulaumiwa, alikwenda kumweleza Mama Unga na kumwomba asimwambie mtu.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, na fundi mwashi wa kijiji, mtu mpole, mwembamba, aliyemfuata nyuma ya chumba cha mashine kumposa kwa adabu na kwa sauti ya chini, akajibiwa "Ndiyo, lakini mama yako akubali kwanza!" kwa sauti iliyoifikia foleni nzima ya wanawake wenye magunia, ambao walicheka hadi mwashi akasahau kofia yake. Waliishi vizuri, yeye akisema, mumewe akiitikia, na Mungu aliwajalia watoto wanne, binti mkubwa ambaye ni mshonaji, kijana anayemfuata ambaye ni dereva wa trekta, mtoto wa tatu aliyeishi wiki moja tu mwezi Aprili 1979, na kitinda mimba ambaye ndiye anayeiendesha mashine hadi leo.

Hapa inabidi tueleze jambo moja la kazi ya baba, kwa sababu bila hilo wageni hawataelewa yaliyofuata. Makaburi yetu yalikuwa kwenye mteremko, kati ya nyumba na mto, kila maiti akilazwa kichwa kikiwa juu mlimani na miguu ikielekea mtoni, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikikokota udongo kwenda chini, waashi wa kijiji waliweka jiwe kubwa upande wa miguuni, kuuzuia udongo usihame. Ndivyo alivyofundishwa baba, ndivyo alivyowafundisha vijana wake, na hakuna mtu kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba kuna watu duniani wanaoweka jiwe mahali pengine. Yeye mwenyewe alipofariki kwa ugonjwa wa ini, tarehe 3 Novemba 1998, vijana wake walimwekea jiwe zuri miguuni, karibu na pale alipolala yule mtoto wa wiki moja, ambaye hakuwekewa jiwe kwa kuwa alikuwa mdogo mno, lakini mama alipajua mahali pake kama anavyojua kiganja cha mkono wake. Kila akitoka shamba la juu alipita hapo, akaweka mzigo chini, akamweleza mumewe habari za siku ile, nani kaoa, nani kalewa, nani kaleta mahindi yenye mchanga, na kwa sauti aliyokuwa nayo, walio hai nao walipata habari.

Mwaka 2006 wakaja watu wa mradi, wamevaa kofia za plastiki ngumu mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumwangukia mtu kichwani, wakapima, wakaandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba zetu, kwenye mlango wa darasa, kwenye injini ya mashine, na kwenye jiwe la baba. Tuliambiwa kwamba bwawa litajengwa, kwamba mto utageuka ziwa, kwamba tutahamishiwa kwenye kijiji kipya chenye umeme na maji ya bomba, na kwamba makaburi yote yatahamishwa kwa heshima zote, maneno hayo, heshima zote, yakirudiwa mara nyingi hadi mama akauliza kwa kile alichodhani ni mnong'ono kama hawa watu wana ugonjwa. Katika mkutano uliofanyika darasani, msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi ya makaburi aliuliza swali moja tu, kama kila kaburi lina jiwe, na mama ndiye aliyesimama kujibu, akasema ndiyo, kila kaburi la mtu mzima lina jiwe lake, msimamizi akaandika, akashukuru, akaketi. Swali hilo lilimkera mama kwa miaka yote iliyobaki, si kwa sababu alijibu uongo, bali kwa sababu alijibu vizuri swali la mtu asiyejua anachouliza, na hakuna aliyemfahamisha kwamba wanakotoka wao jiwe hukaa kichwani.

Mwezi Aprili 2009 wachimbaji wakaingia makaburini, na sisi tukazuiwa nyuma ya kamba, huku juu mlimani, tukiambiwa ni kwa ajili ya afya zetu. Tukawaona wanasimama kwenye mawe, wanatazama mtoni, wanachimba upande wa chini, yaani wanachimba udongo mtupu, wakiwaacha wazazi wetu juu yao bila kuguswa. Mama ndiye aliyeona wa kwanza, akaanza kupaza sauti, "Siyo huko! Pandeni juu! Mmempita!" na tunaomba waombolezaji wafikirie jambo hili kwa makini, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya mto, anaita, analia, anaelekeza kwa mikono miwili, na msimamizi kule chini anampungia mkono kwa huruma, kwa sababu anadhani ni mjane anayeomboleza. Walimtuma msichana wa ushauri nasaha na chupa ya maji baridi, akamshika mama bega, akamwambia, "Lia tu mama, kulia ni dawa," na tulipojaribu sisi watoto kuvuka kamba kwenda kueleza, walinzi wakatugeuza kama mbuzi walioingia bustanini. Jioni masanduku yakapakiwa kwenye lori, yamepigiliwa misumari, kila moja na namba yake, na hakuna hata moja lililorudi tupu.

Tarehe 4 Mei 2009 tulihamishwa. Kuhusu kijiji kipya hatutasema mengi, mnakijua, mmekaa ndani yake hivi sasa, mmeshanusa choo ambacho mhandisi aliona vema akiweke ukuta mmoja na jiko, ili mpishi anapokaanga vitunguu asijue anachonusa ni kipi, na mama siku ya kwanza alitapika, akapangusa mdomo, akasema nyumba hii imejengwa na mtu asiyekula. Maji ya bomba yalikuja na rangi ya chai, umeme haukuja hadi leo, ingawa nyaya zake zinapita juu ya paa la mashine zikivuma, naye alikuwa akisema unapita kama bosi asiyesalimia. Miti iliyozama ilipoanza kuoza, ziwa zima likanuka kwa misimu miwili, na wakubwa waliokuja kulipiga picha walikaa ndani ya magari yao na vioo vimepandishwa.

Masanduku yalikaa kwenye ghala la mradi, katikati ya mifuko ya saruji, na kitinda mimba, aliyekuwa akifanya kibarua humo, aliwakuta wafanyakazi wenzake wamekalia masanduku wanakula chakula cha mchana, mmoja ameweka sahani yake juu ya namba. Yalitolewa kwa mazishi kwenye makaburi mapya ya mradi, Jumamosi, tarehe 13 Juni 2009, wakati milango ya bwawa ilikuwa imeshafungwa na maji yameshayameza mawe yote, na tuliagizwa kwamba yashushwe kama yalivyo, yasifunguliwe. Mama akalisogelea sanduku la baba, akamwomba kijana wake wa trekta bisibisi, na kabla msimamizi hajamaliza kusema "Mama, utaratibu hauruhusu," kifuniko kikawa kimeshaachia.

Ndani mlikuwa na udongo, mizizi, vipande vya mifupa vya kuokoteza, na juu yake taya la mbuzi. Halikuwa jambo la kubahatisha, kila mtu aliyewahi kuchinja alilijua, na hata watoto walilijua. Mama akaliinua taya lile kwa vidole viwili, akalionyesha viti vya mbele, maana hata siku ile vilikuwepo, akasema kwa sauti ya kawaida yake, ambayo ninyi mnaijua, "Mume wangu alikuwa na ukaidi wake, sikatai, lakini mbuzi hakuwa." Msimamizi alitazama saa, akatazama wakubwa zake, akasema maneno ambayo familia hii haitayasahau, akasema, "Mabaki ni mabaki, mama."

Tunayarudia ili yaandikwe mioyoni, mabaki ni mabaki. Waliambiwa wahamishe watu, wakachimba wasipojua, hawakupata kitu, na badala ya kupanda mlimani kuuliza, wakazunguka majalalani kuokota mifupa iliyotupwa na wachinjaji, wakajaza masanduku, wakaandika kazi imekamilika, na mtu aliyefanya hivyo alirudi nyumbani kwake jioni, akanawa mikono, akala. Inatia kinyaa kuisoma, ilitia kinyaa zaidi kuiona, na kinachotia kinyaa kuliko vyote ni kwamba hadi leo hakuna mdomo hata mmoja uliotamka samahani. Baadhi ya majirani walifungua masanduku yao siku ile wakakuta udongo mtupu, wengine walikataa kufungua, na fundi baiskeli, Mungu amlaze pema, alikaa juu ya sanduku la mama yake akikumbatia pembe zake, akituomba tumwache na alichonacho, nasi hatumlaumu yeyote kati yao. La baba lilipigiliwa upya na kushushwa kwa nguvu, likawekewa zege na jina lake, na mama hakukanyaga hapo tena, isipokuwa mara moja, mwezi Juni 2012, mradi ulipomwalika kutoa shukrani mbele ya kamera katika siku waliyoiita ya kumbukumbu, naye akashika kipaza sauti akasema, "Nawashukuru kwa kumtunza mbuzi wa watu," na matangazo yakakatwa.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa kwamba baba yuko chini ya maji, kwa sababu alisema maji hayamdhuru mtu ambaye amekwisha kufa, bali kwamba siku yake ikifika watu wa mradi watamlaza yeye kando ya lile sanduku, wapige picha, waandike kwamba mume na mke wameunganishwa tena, na uongo wao upate mhuri wa mwili wake. Shamba letu la juu halikufikiwa na maji, liko kwenye mteremko uleule, juu ya pale walipo mumewe na mtoto wake, ila lilizungushiwa uzio likaitwa eneo la usalama wa bwawa. Alikwenda mwenyewe ofisini kwao kuomba azikwe huko, akakalishwa kwenye korido kutoka asubuhi, akaitwa alasiri, akaambiwa kwa upole mwingi kwamba haiwezekani kwa sababu za usalama, akauliza usalama wa nani, akapewa soda.

Kuhusu ugonjwa, alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Oktoba 2021, vumbi la unga la miaka mingi likiwa limekaa kwenye mapafu yake, akatibiwa katika zahanati ya hapa na baadaye hospitali kubwa ya mjini, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na hata alipowekewa mipira ya hewa puani aliendelea kuwaelekeza wauguzi namna ya kupika uji usiwe na mabonge. Wiki ya mwisho sauti yake ilikatika. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, tulilazimika kuinamisha masikio hadi midomoni kwake ili tumsikie, na alichokisema kilikuwa kilekile, "Msinilaze na sanduku, wanangu, nawaomba," naye katika maisha yake hakuwa mtu wa kuomba. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, na mashine inayofanya kazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyemwita bibi na kumvumilia, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala chini hapa nje tangu Jumanne, inawashukuru wasagaji wenzake wa vijiji jirani ambao leo wamezima mashine zao. Inawashukuru pia watu wa mradi kwa turubai lao, ambalo mtaona tumeligeuza nembo iangalie juu, ndege waisome. Afisa uhusiano wao, aliyeketi hapa mbele, ameomba dakika tano za kuzungumza kwa niaba ya mradi, familia imelijadili ombi lake, na jibu ni hapana. Shada la maua ya plastiki alilokuja nalo tunamrudishia, akaliweke kule kwenye makaburi yao, kwa mbuzi, ambaye kwa miaka hii yote hajatembelewa na ndugu yeyote.

Ratiba mliyopewa mlangoni, iliyochapishwa ofisini kwao bila sisi kuulizwa, inasema mazishi yatakuwa kwenye makaburi ya mradi, kando ya mpendwa mume wake. Hatuendi huko. Kaburi lilichimbwa alfajiri ya leo katika shamba la juu, vijana wamekata uzio na kuufunga pembeni vizuri ili mtu asijikwaruze, njia imefyekwa, wazee watapanda kwa trekta, na wengine tutambeba kwa zamu. Wenye uzio wako hapa mbele na wanatusikia, kama wanataka kutuzuia waanze sasa hivi, wakati bado tumeketi, kwa maana tukishamwinua hatutamshusha njiani.

Mama, pumzika kwa amani yako mwenyewe, siyo ile waliyokupangia.